Mgomo wa kula ambao haukuanza

Tarehe iliyowekwa ilikuwa 6 Oktoba 1980. Siku hiyo Gwynfor Evans, mzee wa miaka 68 na rais wa Plaid Cymru, chama cha wazalendo wa Wales, angeacha kula. Angekaa nyumbani kwake Llangadog, kijiji cha kusini-magharibi mwa Wales, asitie chakula kinywani mpaka serikali ya Margaret Thatcher iwape Wawelisi chaneli ya televisheni ya lugha yao. Siku ilipofika, mzee alikula kama kawaida. Serikali ilikuwa imesalimu amri siku 19 kabla, tarehe 17 Septemba, na mgomo uliowakosesha watu usingizi London haukuwahi kuanza.

Huko Wales kisa hiki kimekuwa karibu ngano: mzee mpole dhidi ya Thatcher, Mwanamke wa Chuma. Ni ngano nzuri, na sehemu yake kubwa ni kweli. Lakini ukikifuata tarehe kwa tarehe unaona kitu kingine. Njaa ya Evans ilikuwa kama saa iliyowekwa mezani, kila mtu akiiona inavyohesabu. Walioibeba chaneli yenyewe mabegani walikuwa watu wengi wasiopendana sana, na baadhi yao hata hiyo lugha hawakuipenda.

Tuanze na hesabu, maana ndizo zilizowatia watu wazimu. Sensa ya 1891 ilikuta zaidi ya nusu ya wakazi wa Wales wakisema Kiwelisi. Mwaka 1911 walikuwa asilimia 43.5. Mwaka 1951, asilimia 28.9. Mwaka 1961, asilimia 26. Mwaka 1971, karibu asilimia 21. Migodi ya makaa ya mawe ya kusini ilivuta wageni wengi kutoka England, shule zikafundisha kwa Kiingereza, na mzazi aliyetaka mwanawe apate kazi nzuri alimsemesha Kiingereza mezani. Katika karne ya 19 baadhi ya shule zilikuwa na kibao kilichoitwa Welsh Not: mtoto aliyeponyokwa na neno la Kiwelisi alivishwa shingoni, akakivaa mpaka amnase mwenzake. Msomaji aliyesoma shule fulani za Kenya hahitaji kuelezwa zaidi. Mmoja wa watoto waliokivaa, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa O. M. Edwards wa Llanuwchllyn, ambaye baadaye alikuwa mkaguzi mkuu wa shule za Wales. Kumbuka jina la ukoo huo.

Tarehe 13 Februari 1962 mwandishi Saunders Lewis alitoa mhadhara kupitia redio ya BBC. Huyu hakuwa mtu wa maneno matupu. Mwaka 1936 yeye na wenzake wawili walichoma moto majengo ya kituo cha mafunzo ya ndege za kivita huko Penyberth, wakaenda jela miezi tisa. Katika mhadhara ule alisema Kiwelisi, kikiachwa kiende kilivyokuwa kinakwenda, kingekufa mwanzoni mwa karne ya 21, na kwamba njia za kawaida hazitakiokoa. Alikuwa akikilenga chama cha Plaid Cymru, ambacho wakati huo kilikuwa kimezama kwenye mambo ya chaguzi. Chama hakikumsikia sana. Vijana walimsikia. Mwaka huohuo walianzisha jumuiya ya lugha, Cymdeithas yr Iaith Gymraeg, wakaanza kufuta majina ya Kiingereza kwenye vibao vya barabarani, kukataa hati za wito wa mahakama zisizoandikwa kwa Kiwelisi, na kukubali kufungwa. Miaka mitatu baadaye bonde la Tryweryn lilifunikwa na maji pamoja na kijiji cha Capel Celyn, kijiji cha Kiwelisi kitupu, ili mji wa Liverpool upate maji. Wabunge wa Wales karibu wote walikuwa wameupinga mradi huo, haikusaidia kitu. Kizazi kizima kilijifunza pale kwamba kura za Wales ndani ya bunge la London zinaweza kuwa nyingi na bado zisiwe na uzito.

Sasa televisheni yenyewe.

Ilipofika Wales mwaka 1952, ilifika kwa mnara wa Wenvoe, nje kidogo ya Cardiff. Mawimbi ya mnara hayajui mpaka. Yalivuka mlango wa mto Severn yakaingia Bristol na Somerset, na BBC ikawahesabu watu wa pande zote mbili kuwa watazamaji wa kituo kimoja: Wales na Magharibi mwa England. Maana yake ni kwamba kila kipindi cha Kiwelisi kilipowekwa hewani, mkulima wa Somerset naye alikaa mbele ya runinga yake akisikiliza lugha asiyoielewa hata neno. Alilalamika, na malalamiko yake yalifika haraka kuliko ya Mwelisi. Vipindi vya Kiwelisi vikasukumwa kwenye saa ambazo London haikuzihitaji, mchana au usiku mtu ameshapanda kitandani. Kampuni ya biashara TWW ilipoanza 1958 ilirithi mpangilio huohuo wa pande mbili za maji. Mwaka 1962 wazalendo walijaribu kuanzisha kituo chao cha biashara, Teledu Cymru, kwa ajili ya magharibi na kaskazini. Kufikia mwanzoni mwa 1964 kilikuwa kimefilisika na kumezwa na TWW. Milima mingi, watu wachache, minara iliyochelewa: matangazo ya biashara peke yake yasingeweza kulisha televisheni ya lugha ndogo. Somo hilo litarudi.

Mwaka 1964 BBC iliitenga Wales na Magharibi. Tatizo la mkulima wa Somerset likaisha, lakini likabaki la jirani mwingine, naye huyu alikuwa Mwelisi. Robo tatu ya watu wa Wales sasa hawakukijua Kiwelisi. Wao nao walikuwa na chaneli zilezile, BBC na ile ya biashara, iliyochukuliwa na kampuni ya HTV mwaka 1968, na jioni katikati ya kipindi walichokipenda kiliingia kipindi cha Kiwelisi. Walifanya jambo rahisi: walipanda juu ya paa wakageuza antena. Cardiff na Newport zilielekezwa Mendip, upande wa pili wa Severn. Kaskazini-mashariki zikaelekezwa Winter Hill, kule Lancashire. Ukitembea mtaani ungeweza kusoma siasa za kila nyumba kwa kutazama paa lake. Na aliyegeuza antena hakukosa Kiwelisi peke yake, alikosa na habari za Wales kwa Kiingereza pia. Kuna watu waliozaliwa na kukulia Cardiff wakijua zaidi ya barabara zilizofungwa Bristol kuliko za kwao.

Hapa ndipo kiini cha kisa kilipo, na ndipo wasimuliaji wengi wanapopita mbio. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati chaneli ya nne ya Uingereza bado ilikuwa wazo tu kwenye makaratasi, makundi mawili yaliyokuwa yanaoneana kinyongo yalifika kwenye jibu moja kwa njia mbili tofauti. Kundi la lugha lilisema: tupeni chaneli ya nne, tuweke humo Kiwelisi chote, tuone saa nzuri za jioni. Kundi la antena lilisema: wapeni hiyo chaneli ya nne, waweke humo Kiwelisi chote, kituondokee. Mwanasiasa yeyote anajua thamani ya jibu ambalo maadui wawili wanaliafiki.

Palikuwa na mtu aliyeliona hilo na likamtisha. Jac L. Williams, profesa wa elimu huko Aberystwyth, mpenzi mkubwa wa lugha, alipinga chaneli moja mpaka alipofariki 1977. Hoja yake: leo Mwelisi asiyejua lugha anakutana nayo sebuleni kwake, hata kama ni kwa kukunja uso. Mtoto wake analisikia neno. Ukikipeleka Kiwelisi chote kwenye chumba chake chenyewe na kufunga mlango, wenye lugha watakaa humo wakifurahi, na wengine watasahau kwamba chumba kipo. Wanaharakati walimwona kikwazo. Mimi kila nikirudi kwenye kisa hiki naona kuwa hoja yake haikujibiwa, ilizidiwa nguvu tu.

Mwaka 1974 kamati ya serikali iliyoongozwa na Crawford ilipendekeza chaneli ya nne Wales ipewe Kiwelisi. Kamati nyingine zikafuata na kufanya hesabu za gharama. Vyama vikubwa vyote viwili viliahidi. Ilani ya Conservative, chama cha Thatcher, ya uchaguzi wa 1979 ilikuwa na ahadi hiyo, chama kikashinda, na Hotuba ya Malkia ya mwezi Mei, inayotangaza mipango ya serikali bungeni, ikairudia. Ahadi ni deni, na hii ilikuwa imeandikwa mara mbili.

Septemba 1979, William Whitelaw, Waziri wa Mambo ya Ndani, ambaye utangazaji ulikuwa chini yake, alisimama Cambridge mbele ya wakuu wa televisheni akaitengua. Hakutakuwa na chaneli moja ya Kiwelisi. Vipindi vitaongezwa, lakini vitabaki vimegawanywa kati ya BBC na upande wa biashara. Kwa mtu wa London ulikuwa uamuzi wa kawaida wa kubana matumizi. Tena alikuwa na sababu ya kudhani Wales haitafurukuta: tarehe 1 Machi mwaka huohuo watu wa Wales walipiga kura juu ya kuwa na baraza lao la kuendesha mambo yao, wakalikataa kwa kura nne kwa moja. Mei, Gwynfor Evans mwenyewe alipoteza kiti chake cha ubunge cha Carmarthen. Wazalendo walikuwa chini, vumbi mdomoni.

Ambacho Whitelaw hakukipima ni kwamba hii haikuwa ahadi kwa wazalendo peke yao. Alikuwa amewakera makasisi, walimu, mameneja wa BBC, madiwani, watu wa chama chake mwenyewe.

Tarehe 11 Oktoba 1979 wanaume watatu waliingia kwenye kituo cha mitambo ya kurushia matangazo cha Pencarreg, wakaizima. Hawakuwa vijana wenye nywele ndefu. Pennar Davies, miaka 67, alikuwa mwanatheolojia na mkuu wa chuo cha kufundisha wachungaji. Ned Thomas alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu. Wa tatu, Meredydd Evans, aliwahi kuwa mkuu wa idara ya burudani ya BBC Wales. Kwa maneno mengine, mtu aliyetumia miaka kujaza vipindi kwenye mitambo kama ile ndiye aliyekwenda kuizima. Walishtakiwa, wakapatikana na hatia. Mahakama kuwatia hatiani vijana ni habari ya siku moja. Kumtia hatiani mwalimu wa wachungaji ni habari inayozungumzwa baada ya ibada kwa miezi.

Vijana nao walikuwa wameshatangulia. Mwaka 1978 viongozi wawili wa jumuiya ya lugha, Rhodri Williams na Wynfford James, walifungwa miezi sita kwa njama ya kuharibu mnara wa Blaenplwyf, karibu na Aberystwyth. Watu wapatao 2,000 waliapa kutolipa leseni ya televisheni. Nchini Uingereza kila nyumba yenye televisheni hulipa leseni ya mwaka, na fedha hizo ndizo zinazoendesha BBC. Kukataa kulipa ni kosa, na mwisho wake unaweza kuwa gereza. Hebu fikiria mahakimu wa vijiji vya Wales wakiletewa wazee wa kanisa mmoja mmoja.

Katikati ya hayo, tarehe 5 Mei 1980, Gwynfor Evans alitangaza kwamba ataacha kula.

Inafaa kumjua kidogo. Gwynfor Evans hakulelewa kwa Kiwelisi. Alizaliwa Barry, mji wa bandari, mwana wa mwenye duka, na lugha aliipata vizuri ujanani. Alisoma sheria Aberystwyth na Oxford, akaacha uwakili akawa mkulima wa nyanya. Alikuwa mpinga vita, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikataa kushika silaha. Julai 1966 alishinda uchaguzi mdogo wa Carmarthen akawa mbunge wa kwanza kabisa wa Plaid Cymru. Alivaa suti, alisema taratibu, alihudhuria kanisa. Mtu wa namna hiyo akisema atakufa, hakuna anayedhani anatania. Baadhi ya wenzake chamani walishtuka, wengine walidhani anakiua chama pamoja na yeye. Nadhani naye, baada ya kipigo cha 1979, alikuwa akiwazia zaidi ya televisheni: alitafuta jambo moja dogo ambalo Wales ingeweza kushinda.

Kilicho cha werevu katika tangazo lake ni nafasi. Mei hadi Oktoba ni miezi mitano. Angeanza mgomo kesho yake, serikali ingelazimika kumjibu mgonjwa kitandani, na serikali hupenda kuonekana haitishwi. Kwa kuweka tarehe ya mbali aliwapa nafasi ya kurudi nyuma wakiwa wamesimama, na aliwapa Wawelisi wengine muda wa kufanya kazi. Mwezi Septemba alianza kuzunguka kwa mikutano, na kumbi zilijaa. Magazeti ya London, ambayo kwa kawaida yaliiandika Wales kwa sababu ya raga, yakaanza kuhesabu siku.

Tarehe 10 Septemba watu watatu walikwenda London kumwona Whitelaw: G. O. Williams, Askofu Mkuu wa Wales. Cledwyn Hughes, wakati huo Lord Cledwyn, aliyewahi kuwa Waziri wa Wales katika serikali ya Labour. Na Sir Goronwy Daniel, aliyekuwa mtendaji mkuu wa Ofisi ya Wales na kisha mkuu wa chuo kikuu cha Aberystwyth. Hakuna hata mmoja wa Plaid Cymru. Hawakwenda kutisha. Walikwenda kueleza kitakachotokea mzee akifa, na kwamba wao watu wa wastani hawatakuwa na cha kuwaambia vijana. Wiki moja baadaye serikali ilirudi kwenye ilani yake. Usiku huo Evans alihutubia mkutano Crymych, Pembrokeshire, akawatangazia ushindi.

Rasmi, serikali ilisema imesikiliza sauti za busara, yaani ule ujumbe wa watatu. Wazalendo wakasema imeogopa maiti. Naona ubishi huo hauna haja. Ujumbe bila tarehe ungepewa chai na ahadi ya kufikiriwa. Tarehe bila ujumbe ingemlazimisha Thatcher kukaza shingo, kama alivyofanya miezi michache baadaye kwa wafungwa wa Ireland Kaskazini waliogoma kula kweli. Kumi kati yao walikufa mwaka 1981. Na vyote viwili bila kundi la antena vingekutana na upinzani wa Wawelisi wenyewe. Ni nani aliyekuwa tayari kuandamana Cardiff kudai Kiwelisi kibaki kwenye BBC1?

Sheria ya Utangazaji ya 1980 ilipita Novemba, na hapa mambo yanakuwa ya kiufundi kidogo lakini ndipo penye mali. Sheria haikusema tu "iwepo chaneli". Ilisema nani atalisha na nani atalipa. BBC ilitakiwa kuipa chaneli mpya kama saa 10 za vipindi kila wiki bila malipo. HTV ingeuza vyake. Vilivyobaki vingetoka kwa watayarishaji huru, ambao wakati huo walikuwa hawapo. Fedha zingetoka kwa kampuni zote za televisheni ya biashara za Uingereza, si za Wales tu, kwa hiyo shilingi ya tangazo la sabuni lililoonyeshwa London ilichangia tamthilia ya Kiwelisi. Somo la Teledu Cymru lilikuwa limeeleweka. Muda uliobaki ungejazwa na vipindi vya Kiingereza vya Channel 4, chaneli mpya ya nne ya Uingereza, bure. Yote hayo kwa majaribio ya miaka mitatu.

Chaneli iliitwa S4C, kifupi cha Sianel Pedwar Cymru, Chaneli ya Nne ya Wales. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa Goronwy Daniel, mmoja wa wale watatu. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Owen Edwards, kutoka BBC Wales, mjukuu wa yule mtoto aliyevishwa kibao Llanuwchllyn. Baba yake, Ifan ab Owen Edwards, ndiye aliyeanzisha jumuiya ya vijana ya Urdd mwaka 1922 na kutengeneza filamu ya kwanza ya sauti kwa Kiwelisi mwaka 1935. Kuna familia zinazorithishana shamba. Hii ilirithishana lugha.

Ilianza tarehe 1 Novemba 1982, siku moja kabla ya Channel 4 yenyewe, jambo ambalo Wawelisi hawachoki kulikumbusha. Kati ya vipindi vya usiku wa kwanza kulikuwa na SuperTed, katuni ya dubu wa kuchezea aliyetupwa kiwandani kwa kasoro akapewa nguvu za ajabu. Ilitengenezwa Cardiff, na S4C ilikataa kuwa mnunuzi tu. Iligharamia uzalishaji nchini kwake. Ndani ya miaka michache dubu huyo alikuwa ameuzwa nchi nyingi, hadi kwenye chaneli ya Disney Marekani. Baadaye akaja Sam Tân, mzimamoto, ambaye watoto wengi duniani wanamjua kwa jina la Fireman Sam bila kujua ametokea wapi. Katuni ina faida ambayo tamthilia haina: mdomo wa kuchorwa unakubali lugha yoyote.

Tamthilia kubwa, Pobol y Cwm, yaani Watu wa Bondeni, BBC ilikuwa inaitengeneza tangu 1974. Ikahamia S4C na ipo mpaka leo, ikiingia kwenye zile saa za bure zilizoandikwa na sheria. Huko Caernarfon, mji wa kaskazini-magharibi ambako Kiwelisi ni lugha ya sokoni na ya baa, ilianzishwa studio ya Barcud, jina lenye maana ya mwewe, na kuizunguka zikaota kampuni ndogondogo za watayarishaji, wapiga picha, mafundi sauti, wabuni mavazi. Hili ndilo badiliko ninaloliona kubwa kuliko yote. Kwa mara ya kwanza kijana wa Caernarfon angeweza kupata mshahara mzuri kwa sababu anajua Kiwelisi, si licha ya kukijua. Mwaka 1992 chaneli ilitoa filamu Hedd Wyn, kuhusu mshairi mchunga kondoo aliyeuawa Vita vya Kwanza vya Dunia wiki chache kabla ya kutangazwa mshindi wa kiti cha ushairi kwenye tamasha la Eisteddfod. Ikawa filamu ya kwanza ya Kiwelisi kuteuliwa kuwania Oscar. Kuanzia 1988 kipindi cha Sgorio kilionyesha soka la Hispania na Italia kwa utangazaji wa Kiwelisi, na hapo kundi la antena lilijikuta linarudi lenyewe, kimyakimya, maana bao halihitaji mkalimani.

Na Jac L. Williams? Alikuwa na haki kiasi. Wengi wa Wales ya kusini-mashariki waliendelea kuelekeza antena England, safari hii ili waione Channel 4 kwa wakati wake, kwani S4C iliviweka vipindi vyake vya Kiingereza saa za ajabu. Matangazo ya analojia yalipozimwa, mwaka 2010, S4C ikabaki Kiwelisi kitupu, na Channel 4 ikapatikana kando. Mlango wa chumba ukafungwa kabisa. Mwaka huohuo magazeti yalifurahia kuandika kwamba baadhi ya vipindi vyake vilipimwa kuwa na watazamaji sifuri. Vingi vya hivyo vilikuwa vya watoto wadogo, umri ambao vipimo havikuuhesabu, lakini neno sifuri likishatoka halirudi mfukoni.

Ndipo likaja pigo, na lilipiga mahali palepale pa mali. Tangu miaka ya 1990 fedha za S4C zilikuwa zikitoka Hazina moja kwa moja, kwanza kwa kufuata asilimia ya mapato ya matangazo ya televisheni, baadaye kwa kupanda pamoja na bei za vitu, yote kwa mujibu wa sheria. Hakuna waziri aliyehitaji kuombwa. Oktoba 2010 serikali ya David Cameron, ikibana matumizi, ilipatana na BBC kwamba sehemu kubwa ya fedha za S4C itoke kwenye leseni. S4C haikuwa mezani. Ilijadiliwa kama mtoto kwenye talaka. Bajeti ya pauni milioni 101 ilipangiwa kushuka kwa karibu robo katika miaka minne, na sheria ya 2011 ikaikata ile kamba ya kupanda kwa bei. Viongozi wa vyama vinne vya Wales, ambao ni nadra kukubaliana hata juu ya hali ya hewa, walimwandikia Cameron barua ya pamoja. Watu wakakataa tena leseni. Haikutosha. Safari hii hapakuwa na Evans, aliyefariki 2005 akiwa na miaka 92, na hapakuwa na kundi la antena la kuunga mkono: chaneli ilishawaondokea, kwa nini wajishughulishe? Utangazaji, hata baada ya Wales kupata bunge lake, umebaki mambo ya London.

Tangu Aprili 2022 fedha zote za umma za S4C zinatoka kwenye leseni, zikianzia karibu pauni milioni 89 kwa mwaka. Makao yalihamia Carmarthen 2018, jimbo lilelile la Evans. Chaneli imejifunza kujibana: mwaka 2013 tamthilia ya upelelezi Y Gwyll ilipigwa Aberystwyth mara mbili, tukio hilohilo kwa Kiwelisi kisha kwa Kiingereza na waigizaji walewale, toleo moja likabaki nyumbani na jingine likauzwa nje. Waairishi walipoanzisha chaneli ya lugha yao mwaka 1996, ile ambayo leo ni TG4, na Waskoti BBC Alba mwaka 2008, mfano uliokuwa karibu nao zaidi ulikuwa wa Wales. Sensa nayo inaendelea na safari zake: asilimia 20.8 mwaka 2001, mara ya kwanza kupanda katika karne nzima, 19 mwaka 2011, 17.8 mwaka 2021. Televisheni haikuiponya lugha. Lakini lugha haikuachwa ife mwanzoni mwa karne ya 21 kama alivyohofu Saunders Lewis, na shule za Kiwelisi zina sehemu yao kubwa katika hilo.

Mwaka 2020 serikali ya Uingereza iliteua mwenyekiti mpya wa S4C. Jina lake ni Rhodri Williams, yuleyule wa miezi sita ya 1978. Mnara wa Blaenplwyf ungali umesimama juu ya Aberystwyth, na S4C ni miongoni mwa chaneli zinazorushwa kutoka hapo.